Utulivu wa Chupa Namba 4117

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na ni haki kusema yaliharibika kwa kufuata taratibu zote. Ratiba ilikuwepo. Zulia lilikuwepo. Kipaza sauti kilijaribiwa mara tatu na mtu aliyeajiriwa kusema "moja, mbili". Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Kutunza na Kuchuja Dawa Zijazo alisimama mbele ya waandishi wa habari, akakohoa kikohozi cha kiofisi, akatangaza kwamba baada ya miaka kumi na miwili ya uongozi wake shupavu, Taasisi imepata kitu kinachoua vidudu vya homa ya wengu.

"Kitu hicho," alisema, "kimo ndani ya chupa namba 4117. Kimekaa humo kikiwa tulivu miaka yote hii kutokana na mfumo wetu wa utulivu, ambao nyote mnaujua."

Hakuna aliyeujua. Wote walipiga makofi.

Nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, alisimama mtunza friza wa Taasisi, mgane mmoja ambaye watu walimwita Mzee Barafu. Yeye hakupiga makofi, maana mikono yake ilikuwa imebeba sanduku la barafu lenye chupa yenyewe, ikisubiri kupigwa picha. Aliichungulia. Yalibaki matone machache chini, rangi yake kama chai iliyochemka ikasahaulika. Alikumbuka zamani yalikuwa meupe kama maji ya kunywa. Alikumbuka pia kwamba homa ya wengu ndiyo iliyomchukua mke wake mwaka juzi, na kwamba Mkurugenzi alimletea rambirambi zilizochapwa tayari, zenye nafasi ya kujaza jina la marehemu kwa kalamu, na jina lenyewe likakosewa.

Saa nne na dakika thelathini na tano, mkemia wa Taasisi, binti mwembamba mwenye miwani mizito, alipenya katikati ya viti na kumnong'oneza Mkurugenzi sikioni. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi yake kwa uaminifu.

"Bosi, nimetengeneza mpya, ile ile iliyoandikwa kwenye lebo. Haiui hata kidudu kimoja. Vinaogelea tu."

"Vinaogelea?"

"Tena vimenenepa."

Waandishi wa habari wakaandika neno hilo.

Hapa inafaa msomaji aelezwe kazi ya Taasisi ni nini, kwa sababu hata wengi waliomo ndani hawajaelezwa. Ghalani kuna chupa ndogo elfu thelathini, kila moja ukubwa wa kidole gumba. Ndani ya kila chupa kuna kitu kilichotengenezwa na mkemia fulani, mahali fulani, kikayeyushwa, kikagandishwa, kikawekwa kusubiri zamu yake. Zamu ikifika, tone moja linadondoshwa kwenye sahani yenye vishimo vilivyojaa vidudu vya ugonjwa. Vikifa, watu wanashangilia. Visipokufa, chupa inarudi kwenye baridi kusubiri ugonjwa mwingine.

Tatizo, kama mkemia alivyowahi kumweleza Mzee Barafu wakinywa chai kwenye ngazi za ghala, ni kwamba vitu hivi havikai kama vilivyowekwa.

"Maji yaliyoviyeyusha yana kiu, baba," alisema. "Ukilegeza kifuniko, yanakunywa unyevu wa hewani. Ukigandisha, ukayeyusha, ukagandisha tena, vitu vinachoka. Ukivianika juani ndiyo kabisa. Vinageuka kuwa vitu vingine, huku lebo inaendelea kutaja jina la zamani."

"Kama watu wakipewa vyeo."

"Usiniponze, mzee wangu. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi."

Taasisi haikulifumbia macho tatizo hilo. Iliunda Idara ya Utulivu, ikampata Mratibu wa Utulivu, na Mratibu akaendesha semina ya nusu siku yenye karanga na maji ya chupa. Mwisho wa semina kila mhudumu alipewa rundo la fomu. Fomu ilikuwa na swali moja: *Je, sampuli ni tulivu?* Chini yake kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Mzee Barafu aliishia darasa la nne, na si kwa kupenda. Alinyoosha mkono.

"Samahani, mkuu. Tulivu ndiyo nini hasa?"

Mratibu alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye vyeti. "Tulivu ni tulivu, mzee. Haina fujo. Haichezi-chezi. Swali lingine?"

Swali lingine halikuwepo, karanga zilikuwa zimekwisha.

Tangu siku hiyo Mzee Barafu aliifanya kazi kwa moyo wote. Alitoa chupa kwenye friza, akaacha iyeyuke, akaiweka mezani, akapiga magoti mpaka jicho likawa sawa na maji yaliyomo, akasubiri. Maji yalipoacha kuyumba, aliweka alama kwenye Ndiyo. Nyingine zilitulia haraka. Nyingine, hasa zile nyepesi, zilimchosha goti. Mara moja tu aliandika Hapana, siku ambayo jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta na meza yote inatetemeka. Aliitwa ofisini kujieleza, akarudi, akakuta jenereta limezimwa na chupa imetulia, akasahihisha.

Kwa utaratibu huo, Taasisi ilipata utulivu wa asilimia mia moja. Na kila chupa, kwa ajili ya kuhakikishiwa utulivu wake, iliyeyushwa na kugandishwa mara nne kwa mwaka.

Asilimia mia moja haikai bila kutambuliwa. Miaka mitano kabla ya Jumatano ile, Taasisi ilitunukiwa Cheti cha Utunzaji Bora. Ikaandaliwa sherehe ya kukipokea. Sherehe ilihitaji soda baridi na keki tatu, na keki hazikuwa na pa kukaa. Mkurugenzi alishuka ghalani mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

"Mzee, hii friza namba tatu, toa hivi vichupa. Kesho kutwa tuna wageni."

"Nivipeleke wapi, mkuu? Nyingine zimejaa."

"Popote! Dirishani hapo pana nafasi. Ni siku mbili tu."

Mgeni rasmi akapata safari. Sherehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Chupa mia tatu na kumi na mbili zilikaa dirishani siku kumi na moja, upande wa jua la mchana, vifuniko vikilegea kwa joto, wakati soda zikikaa kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri mpaka nusu yake zikapasuka. Cheti kilipofika hatimaye, kikatundikwa ukuta wa ghala, juu kidogo ya dirisha lile.

Mzee Barafu aliporudisha chupa kwenye friza aliona baadhi zimebadilika rangi. Akamwambia Mratibu. Mratibu akasema, "Andika." Mwandiko wa Mzee Barafu ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, kwa hiyo aliyeandika alikuwa mkewe, aliyemaliza darasa la saba na alikuwa na herufi za duara kama za kitabuni. Alisukuma sahani pembeni, akafuta meza, akamwambia, "Haya, sema, mume wangu. Lakini usinisemee haraka."

*Mheshimiwa,* iliandikwa barua ya kwanza, *chupa namba 4117 imetulia kabisa wala haina fujo, ila imekuwa na rangi ya chai. Kanuni ya tisa inasema chupa iliyobadilika ipimwe upya ndani ya siku kumi na nne. Naomba ipimwe. Wako mtiifu.*

Haikupimwa. Wakaandika ya pili. Kwenye ya tatu, mkewe alibana ulimi katikati ya meno na kuandika namba ya chupa kwa herufi kubwa kama za bango.

"Wakishindwa kuiona hii," alisema, "basi hao hawana macho, wana miwani tu."

Barua ya tatu ilikwenda kama zilivyokwenda wenzake. Miaka miwili baadaye mkewe akaanza kuchoka. Homa ya wengu huanza hivyo, kwa kuchoka tu.

Sasa turudi kwenye vidudu vilivyonenepa. Magazeti ya Alhamisi yalivitaja ukurasa wa kwanza. Ijumaa ikaundwa Kamati ya Kubaini Aliyevuruga Utulivu, na ili kuondoa upendeleo, Mkurugenzi alijiteua kuwa mwenyekiti. Wajumbe walikuwa Mratibu na mkemia. Kumbukumbu ziliandikwa na Katibu, mama mpole aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu wakiwa wasichana, na ambaye hajawahi kumwita Mzee Barafu kitu kingine isipokuwa shemeji.

Mzee Barafu alipewa kiti kifupi kuliko vya wengine. Alijua kinachotafutwa. Akifukuzwa, atatakiwa kuondoka kwenye nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko, ambamo kanga ya mkewe ilikuwa bado imetundikwa nyuma ya mlango kwa sababu hakuna aliyemwambia lini inafaa kuitoa.

"Mzee," Mkurugenzi alianza, "chupa namba 4117 ina kitu ambacho sicho kilichoandikwa kwenye lebo. Umeifanya nini?"

"Niliitunza, mkuu."

"Kwenye fomu uliandika ni tulivu. Mara ishirini."

"Ilikuwa imetulia, mkuu. Niliipigia magoti nikaisubiri."

Mratibu akainua kichwa. "Uliisubiri kufanya nini?"

"Kuacha kuyumba."

Mkemia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mratibu alimuuliza taratibu, kama mtu anayegusa waya asiojua kama una umeme, "Mzee... chupa zote elfu thelathini umezipima hivyo?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mkuu. Ulisema isiwe na fujo."

Mkurugenzi alipiga meza. "Tusitoke nje ya mada! Chupa imeharibika. Imeharibikaje?"

"Kwa jua. Tuliitoa friza namba tatu, tukaiweka dirishani siku kumi na moja, ile sherehe ya cheti. Soda zili..."

"*Tuli*-iweka?" Mkurugenzi alimkatiza. "Wewe na nani?"

Mzee Barafu alimtazama. Waliobaki wakatazama meza, ambayo ilikuwa meza nzuri.

"Nilitoa taarifa," alisema. "Barua tatu. Zimo kwenye jalada langu."

Jalada lilifunguliwa. Lilikuwa na barua ya ajira, onyo la kuchelewa siku ya mazishi ya mkewe, na picha ndogo ya pasi.

"Hakuna barua," Mkurugenzi alisema, akionekana kupoa. "Katibu, andika maamuzi. Mtunza friza aliitoa chupa namba 4117 kwenye baridi na kuianika juani siku kumi na moja."

Katibu aliandika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejali nukta na mkato, "Mkuu, niweke 'bila agizo', au 'bila agizo la aina yoyote'?"

"La aina yoyote!"

"Na wazo la juani, niseme lilikuwa la nani? Wakubwa wakisoma watauliza."

"Lake! Wazo lake, mpango wake, mikono yake. Andika kwamba Mkurugenzi Mkuu hakuhusika kwa namna yoyote, wala kwa kushauri, wala kwa kujua."

"Wala kwa kujua," Katibu alirudia akiandika. "Na siku ni kumi na moja kamili?"

"Kamili! Kifuniko kikiwa kimelegea! Weka yote. Nataka pasibaki mwanya."

Hapakubaki mwanya. Mkurugenzi akatia sahihi, Mratibu akatia sahihi, muhuri ukagongwa mara mbili, wa kwanza ulikuwa umefifia. Mzee Barafu alipewa siku kumi na nne kuondoka. Aliisukuma kalamu.

"Siwezi kutia sahihi uongo."

"Shemeji," Katibu alisema bila kuinua macho, na chini ya meza kiatu chake kilimkanyaga mzee kidole cha mguu bila masihara. "Tia tu. Nimeandika vizuri sana."

Akatia. Alipoinuka aliona mkemia hamtazami yeye wala Mkurugenzi. Alikuwa anasoma nakala ya maamuzi, midomo ikichezacheza: juani, siku kumi na moja, kifuniko kimelegea. Alikuwa anaisoma kama mtu anayesoma jinsi ya kupika kitu.

Mchana huohuo chupa mpya ilisimama dirishani ghalani, chini ya cheti, kifuniko kimelegezwa nusu mzunguko, na karatasi: USIGUSE.

Mzee Barafu alifungasha nyumba yake taratibu. Kila alasiri alipita ghalani kuitazama.

"Leo vipi, binti?"

"Kama maji bado, baba."

Siku ya nne ilikuwa na umanjano wa mbali. Siku ya saba ilikuwa kama mafuta ya kula. Siku ya kumi na moja mkemia aliinyanyua kwenye mwanga, na wote wawili wakaona chai. Vipimo vilichukua siku tatu. Siku ya kumi na nne, masanduku ya Mzee Barafu yakiwa tayari yapo barazani, mkemia alikuja anakimbia na koti jeupe likipepea.

"Vimekufa! Baba, vimekufa vyote! Hakuna kinachoogelea!"

Mzee Barafu alikaa juu ya sanduku la vyombo. "Kwa hiyo ilikuwa dawa."

"Bado si dawa. Kuna panya kwanza, kuna miaka ya kupima. Ila ndiyo, ndicho chenyewe. Jua ndilo lililokitengeneza."

"Na kilikuwemo tangu lini?"

Mkemia akafungua mdomo, akafanya hesabu, akaufunga.

Bodi ya Taasisi iliitishwa kwa dharura ya furaha. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa mama mkavu ambaye inasemekana aliwahi kucheka, ila kumbukumbu za tukio hilo hazipatikani. Mkurugenzi alifika na hotuba mpya.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ugunduzi huu ulitokana na maono yangu. Ni mimi niliyeagiza chupa zile zipelekwe juani."

Mwenyekiti aligeuza karatasi. "Hapa pameandikwa hukuhusika. Wala kwa kushauri, wala kwa kujua."

"Hilo ni... ni kosa la uchapaji."

"Sentensi nzima?"

"Mheshimiwa, niliagiza mimi! Niliingia ghalani kwa miguu yangu, nikamwambia mzee, toa vichupa, weka dirishani!"

"Kwa madhumuni gani ya kisayansi?"

Mkurugenzi alitazama dari. Alimtazama Mratibu. Mratibu alikuwa anaangalia kiatu chake, nacho kilikuwa tulivu kabisa.

"Soda," Mkurugenzi alisema.

"Sikusikia."

"Soda, mheshimiwa. Na keki."

Mwenyekiti aliandika neno hilo pembeni ya karatasi, akalipigia mstari. "Basi chagua. Kama uliagiza wewe, ni wewe uliyetoa chupa mia tatu na kumi na mbili kwenye baridi ili upoze soda, ukamfukuzisha mtu kwa kosa lako. Kama hukuagiza, mgunduzi ni mtunza friza, wazo lake, mpango wake, mikono yake, na sahihi yako ipo chini. Lipi niandike?"

Taarifa zilizopo zinaonyesha kwamba Mkurugenzi aliomba muda wa kutafakari, na kwamba bado anatafakari, nyumbani kwake, bila gari la ofisi. Mratibu alihamishiwa kwenye jenereta.

Mzee Barafu aliitwa mbele. Safari hii kiti kilikuwa cha urefu sawa na vya wengine. Aliambiwa nyumba ni yake mpaka achoke mwenyewe. Aliambiwa cheti chake kinachapwa na jina lake litaandikwa bila kukosewa. Wajumbe wakapiga makofi, kisha Mwenyekiti akamuuliza kama mgunduzi ana neno.

Mzee Barafu alisimama. Hakuwa amezoea kuzungumza na watu waliokaa kimya kumsikiliza, kwa hiyo alianza vibaya.

"Mimi sijagundua kitu. Niliambiwa weka dirishani, nikaweka. Aliyegundua ni mke wangu. Yeye ndiye aliyeandika." Akakohoa. "Huyu binti ananiambia kupima dawa ni kazi ya miaka, labda asingeiwahi. Sawa. Mke wangu alikuwa hodari wa kusubiri. Lakini mtu husubiri kitu kilichoanza. Mimi nina swali moja tu, na naomba liandikwe."

Akaliuliza. Katibu akaliandika, akasita kidogo kufuta macho, akaacha chini yake mistari minne mitupu kwa ajili ya majibu.

Bodi imekutana mara sita tangu hapo. Kila kikao, wakishasali na kuthibitisha ajenda, Katibu hufungua kitabu na kusoma kwa sauti ileile ya upole, yatokanayo na kikao kilichopita, namba moja. Kila mjumbe hugeuka kumtazama jirani yake. Mistari minne imebaki myeupe, na swali ni hilihili: zile barua tatu, zenye herufi za duara, nani alizipokea, na alizisoma?